Mwandishi wa Gazeti Afika Tolliver

Habari aliileta Redio. Huyu jina lake ni Bernadine, anagawa barua posta, na kabla hujafungua bahasha yako ameshakupa pole ya kilichomo. Alitukuta kwenye duka la vifaa la mzee tunayemwita Jaji, tumezunguka jiko la kuni, kahawa mkononi.

"Kuna mwandishi anapanda mlima leo," akasema. "Gazeti la mjini linataka kuandika habari za Tolliver. Mji mdogo mzuri kuliko yote!"

Odell, tunayemwita Nyundo, akaweka kikombe chini. "Kudadeki! Nimekwisha."

Hakuwa anatania. Mwenye nyumba wake alishamwambia wazi: siku Tolliver ikisifiwa gazetini, nyumba inageuzwa ya kulaza watalii, na Nyundo na mabinti zake wawili watafute pa kwenda.

"Wenzetu wa mji wa Pardee waliandikwa mwaka juzi," Jaji akasema. "Leo fundi bomba wao analala kwenye gari, na duka la misumari linauza mishumaa inayonukia msonobari."

"Msonobari! Mlimani kwenyewe!" nikadakia. "Ni kama kumuuzia samaki maji."

"Dogo, acha utani," Nyundo akanikatiza. "Tufanyeje?"

"Tujichafue," Redio akasema. "Akifika, kila mtu aseme ubaya tu. Na asiwepo wa kumchekea!"

Saa nne mwandishi akaingia, dada anaitwa Annelise, viatu vyake vya kuendea harusini. Tukamshambulia.

"Baridi hapa miezi kumi na moja," Jaji akaanza. "Wa kumi na mbili ni mbu."

"Dubu wanaingia kanisani," nikasema. "Wanakaa viti vya mbele."

"Majirani ni wachoyo," Redio akapigilia. "Mimi mwenyewe nasoma barua za watu." Hiyo peke yake ndiyo ilikuwa kweli.

"Na roho zetu mbaya," Nyundo akamalizia, macho chini. "Mbaya sana, dada."

Annelise akaandika, akakunja uso, akafunga daftari. "Asanteni. Nitamwambia mhariri hapa hakuna habari." Akatoka.

Tukapeana mikono kama tumeshinda uchaguzi. Nyundo alitaka kulia kwa furaha. Ndipo tukasikia *puu!* Gari la dada limeserereka, pua iko mtaroni, theluji imefika kwenye taa.

"Asitoke mtu!" Redio akaamuru. "Atajitoa mwenyewe."

Tukatulia. Dada akashuka, akaanza kuchota theluji kwa mikono mitupu.

"Hana glavu," Nyundo akanong'ona.

"Nyundo, kaa!"

"Nimekaa." Lakini alikuwa mlangoni, mnyororo wa kuvutia magari begani.

Akitoka mmoja wametoka wote. Mlimani kwetu gari likiwa mtaroni hata adui yako unamvuta, halafu mnaendelea na uadui. Jaji akabeba koleo mbili. Wa kanisani wakaja na mchuzi wa maharage. Na Redio, aliyetukataza, nikamwona anamfunga dada skafu yake, huku anafoka: "Shika! Wala sikupendi!"

"Sukumeni, wachoyo ninyi!" nikapiga kelele.

Gari likatoka. Annelise amesimama katikati ya watu wa Tolliver, bakuli mkononi, glavu za Nyundo zimemvaa hadi kwenye viwiko, machozi yanamtoka. Akafungua daftari, akachana ukurasa wa kwanza.

"Lazima niwaandike," akasema. "Sijaona watu kama ninyi."

Nyundo akaketi kwenye theluji kama mzigo ulioshushwa.

Jaji akainama sikioni kwake. "Mnyororo bado umefungwa?"

"Bado."

"Mrudishe mtaroni tuanze upya."

Nyundo akautazama ule mnyororo. Akamtazama dada, ambaye ameshaingia garini, kalamu inakimbia. Mwisho akasimama, akaufungua, akapangusa kioo cha mbele kwa mkono wa koti, akainama dirishani, sura kavu kama ya askari.

"Sikiliza, dada. Daraja la chini lina barafu. Nenda polepole, na ukifika salama utupigie simu."

Gari likaondoka. Nyundo akatugeukia, kifua mbele.

"Mmeona nilivyomtisha?"