Ombi la Kurudishiwa Jasho Langu Kabla ya Ijumaa

Mwalimu Twahir Mwinyihaji (mstaafu),
Utange, Kisauni.
Jumatatu asubuhi.

Kwa Daktari Wairimu,
Kliniki ya Ngozi,
Changamwe.

Daktari mheshimiwa,

Nakutakia afya njema wewe, muuguzi wako Fancy na wote wanaongoja zamu kwenye benchi lenu. Mimi ni yule mwalimu wa Utange aliyeletwa kwako na binti yake, Shaza, kwa tatizo la jasho la makwapa. Huenda sura yangu umeisahau. Makwapa nina hakika unayakumbuka.

Naandika kulalamika. Silalamiki kwamba matibabu yako yameshindwa. Hayo ni malalamiko ya watu wa kawaida. Nalalamika kwamba yamefaulu. Tangu siku ya tisa baada ya sindano zako sijatokwa na tone kwapani, na kwa sababu hiyo mpwa wangu Safwan yumo katika hatari ya kumkosa mchumba. Nitaeleza kwa utaratibu.

1. Ulianza na dawa ya kupaka. Ulinielekeza niipake kabla ya kulala, juu ya kwapa kavu kabisa, kisha nioge asubuhi. Daktari, ilikuwa mwezi wa Machi, nami ninakaa Utange. Kwapa kavu ningelipata wapi? Kama ningekuwa nalo nisingekuja kwako. Mke wangu Asmaa alinipepea kwa kawa la chakula, upande mmoja kisha wa pili, nami nimelala na mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Tulipomaliza upande wa kushoto, wa kulia ulikuwa umekwisha kulowa tena. Dawa yenyewe iliwasha, jasho likaendelea na shughuli zake.

2. Ukaniandikia vidonge. Vilikausha kinywa, macho na tumbo, vikayaacha makwapa vile vile. Mimi ni mtu wa kusema mbele za watu. Ulimi ulininata kama stempu.

3. Ukanieleza yaliyobaki. Kulikuwa na mashine ya maji na umeme, nikakataa kwa sababu vitu hivyo viwili nimewakataza watoto kuviweka pamoja maisha yangu yote. Kulikuwa na upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu kifuani, nawe ukasema kwa uaminifu kwamba baada yake jasho laweza kuhamia mgongoni. Sikuona faida ya kulihamisha kama mpangaji. Tukabaki na sindano. Kwanza ulinipaka iodini, ukaninyunyizia unga wa wanga kama samaki anayesubiri mafuta, ili palipo na jasho pageuke peusi. Pote pakageuka. Fancy akasema, “Daktari, hapa tumepata ramani ya Kenya nzima.” Kisha ukanidunga. Ulisema, “Mzee wangu, ni kama kuumwa na siafu tu.” Siafu thelathini, Daktari, na kila mmoja ana shahada.

Hayo yote niliyavumilia. Yanayofuata hayavumiliki.

4. Huku kwetu kijana hajiposei mwenyewe. Wazee wake huenda kukaa na wazee wa binti, na mmoja wao huliweka neno mbele ya wenyeji. Mzee huyo, katika ukoo wetu na kwa jirani yeyote anayeniomba, ni mimi. Nimepeleka posa kumi na saba katika miaka thelathini na sijakataliwa hata moja. Si kwa ufasaha peke yake. Wenyeji wanapoiona kanzu imelowa kutoka makwapani hadi kiunoni, hujua kwamba mtu huyu anasema ya moyoni. Posa ya Kongowea ilikubaliwa kabla sijamaliza kumtaja babu wa kijana. Ile ya Likoni tulijibiwa tukiwa bado kizingitini. Kisauni walikubali na wakatusindikiza hadi barabarani, wao wakiwa mbele. Kuna nyumba ambazo, mara nilipoketi, chetezo cha udi kiliwekwa karibu na goti langu, heshima ambayo wenzangu hawakupewa. Hakuna posa yangu iliyozidi robo saa. Hiyo ndiyo mali uliyoikausha.

5. Juzi Jumamosi tulikwenda Mikindani kwa Mzee Aqil, baba yake Hadeel. Safwan, mtoto wa dada yangu, anaendesha kreni bandarini, na amemngoja Hadeel miaka minne amalize masomo. Amemaliza. Lakini neno lisipofungwa Ijumaa hii, Jumapili binti anaondoka kwenda Maskati kwa ami yake, na huko waposaji hawakosekani. Nilifuatana na jirani yangu Mussab, ambaye kazi yake ni kuitikia “naam” kila ninapotua. Nilivaa kanzu yangu bora. Nilisema kwa unyenyekevu, nikainua mikono, nikautaja ukoo hadi babu wa saba. Kanzu ikabaki kama imetoka dukani. Mussab akaninong’oneza, “Mwalimu, leo umekauka kama biskuti. Unaumwa?”

Hakuna mwenyeji aliyeijibu posa. Mzee Aqil alichukua mto wake akaja kuketi ubavuni mwangu, bega kwa bega, bila shaka anikague vizuri. Dada yake, Bi Mwanamkasi, mwanamke ambaye Mikindani nzima humnyamazia, alinihoji kutoka nyuma ya pazia: nilisomea wapi, nilifundisha wangapi, ni mwanafunzi yupi alinitesa zaidi. Nilipojibu hilo la mwisho kulisikika vicheko vya wanawake wengi, nikajua tumeangamia. Watoto wa nyumba wakanipandia mapajani. Ikaja kahawa, ikaja haluwa, ukaja wali wa nazi na samaki wa kupaka. Robo saa yangu ikawa muda wa saa tatu. Mwisho Mzee Aqil akasema, “Neno tumelipokea, mwalimu, lakini haraka ya nini? Rudini Ijumaa baada ya Alasiri.” Na pazia likaongeza, “Asitumwe mtu mwingine. Aje yeye mwenyewe.”

Sijapata kuahirishwa, Daktari. Wallahi sikujua hata jinsi ya kuinuka. Safwan alipoletewa habari hakugusa chakula. Jana amekuja nyumbani, akanipa shikamoo yangu kamili, kisha akasema kwa adabu iliyoniumiza kuliko sindano, “Mjomba, na kama ungelitoka jasho kidogo tu? Hata la paji la uso?” Nimejaribu. Nimekaa jikoni karibu na jiko la makaa. Nimekunywa chai ya tangawizi vikombe vitano. Nimepanda ngazi za mnara wa tangi la maji la jirani mara tatu, mpaka jirani akauliza kama nataka kuununua. Uso ulilowa na mgongo ulilowa. Makwapa yalibaki kimya.

6. Kwa hiyo ninaomba mojawapo ya yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia lililo rahisi kwako:

(a) Unirudishie jasho langu kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Sihitaji lote. La kwapa la kulia latosha, kwa kuwa ndilo litakalowaelekea wenyeji.

(b) Ikiwa dawa haiondoki mwilini kabla ya miezi yake sita, uniandikie cheti chenye mhuri kwamba mimi ni mkavu kwa matibabu wala si kwa moyo. Nitakisoma mbele ya wazee.

(c) Ikiwa wazee hawataamini cheti, uje Mikindani mwenyewe na iodini yako na unga wako, unipime mbele yao. Nitavua kanzu upande mmoja. Wanawake watakuwa nyuma ya pazia, kwa hiyo hakuna aibu.

(d) Ikiwa huna nafasi ya kuja, basi umdunge Mzee Aqil na ndugu zake wote kabla ya Ijumaa, ili tuzungumze pande zote mbili zikiwa kavu na pasiwe na anayemshuku mwenzake.

(e) Na kwa siku za mbele, kliniki ibandike tangazo mlangoni kwamba msemaji wa posa hatatibiwa makwapa bila idhini ya maandishi ya kila kijana wa ukoo wake ambaye hajaoa.

Nadhani utakubali kwamba hakuna hapo jambo lisilo la haki.

Sina kinyongo nawe binafsi. Una mkono mwepesi na husemi uongo. Mpe Fancy salamu zangu, na bawabu wenu Erastus, na yule mama aliyekaa karibu nami akauliza kama sindano inauma. Mwambie inauma, na kwamba inafaulu, basi ajihadhari. Asmaa anakusalimu. Shaza pia, ingawa ametoka chumbani niliposoma kifungu (c).

Ni mimi, mwenye heshima na ukavu,

Mwalimu Twahir Mwinyihaji

Nyongeza, Jumatatu jioni. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga Bi Mwanamkasi alipompigia Shaza simu. Nimefundisha watoto kusema kweli kwa miaka thelathini na mitano, kwa hiyo naandika alivyosema. Watu wa Mikindani walikuwa wamepata habari zangu kutoka Likoni, na siku moja kabla hatujafika walikubaliana kutujibu “ndiyo” pale pale mlangoni, upesi, nisipate nafasi ya kuketi. Lakini nilipoingia waliona hali inakalika. Nilipoketi waliona ninazungumzika. Basi wakastarehe, wakasahau kukubali. “Mwambie babako posa tulikwisha kuikubali kabla hajavaa kanzu,” amesema. “Ijumaa tunamtaka kwa hadithi tu, na huyo mwanafunzi mtukutu hakummaliza. Maskati Hadeel haendi tena.”

Nimeitafakari habari hiyo, mimi na posa zangu kumi na saba, kwa muda wa vikombe viwili vya kahawa. Asmaa ameketi nami na hakucheka, jambo ambalo naliona lilimtaabisha. Safwan amekula sahani tatu.

Kwa hiyo vifungu (a) hadi (e) navifuta vyote. Tafadhali usinirudishie chochote. Niandikie miadi nyingine kabla miezi sita haijatimia, kwa sababu harusi inshallah itakuwa mwezi wa saba tangu uliponidunga. Lipo jambo moja dogo tu. Shaza amenikumbusha kwamba katika nyumba za watu viatu huvuliwa mlangoni. Je, sindano hizo zinadungwa na kwenye nyayo?