Damu ya Ogweno kwa Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Figo za Machogu zimekwisha, zote mbili. Ndugu yangu wa pekee. Mkewe, Gladys, amerudi hapa nyumbani Gesima na ujumbe wa Daktari Anyiko: mashine ya kusafisha damu haimtoshi tena, apimwe ndugu wa tumbo moja atakayempa figo. Yaani mimi. Mama alinitazama. Nikasema bila shaka, kwa furaha. Kisha nikaenda nyuma ya jikoni nikashika kiuno changu pande zote mbili. Naogopa kisu, na sioni haya kuliandika hapa.

Jumatano, 5 Machi

Njia imepatikana! Gladys anasema kila damu ina alama za kurithi, na wanatafuta zinazolingana na za Machogu. Sasa, Mkisii kama sisi ana alama za Kikisii, Mjaluo za Kijaluo. Hilo halihitaji digrii. Ogweno, Mjaluo anayeuza dagaa wa omena soko la Daraja Mbili, ataenda na kitambulisho changu. Picha imefifia, yamebaki masikio tu. Nimemwambia ni kipimo cha kazi, na kwamba sindano hunizimisha. Nimempa mkungu wa ndizi. Majibu yatakataa, nami nitalia mbele ya watu.

Alhamisi, 6 Machi

Amepimwa. Aliuliza ni kazi gani inataka chupa sita za damu. Nikamwambia ya ulinzi.

Jumatano, 19 Machi

Balaa. Gladys amekuja mbio akilia: Onyiego, unalingana! Kundi la damu sawa, alama nyingi sawa. Mama alichinja jogoo, nikala paja. Machogu alipiga simu. Kwa sauti ndogo akasema tangu utotoni alijua sitamwacha. Nilikata, nikasingizia mtandao.

Sabato, 22 Machi

Mzee wa kanisa alinisimamisha mbele, wimbo ukaimbwa kwa ajili yangu. Kwenye ubeti wa pili nikaanza kukohoa. Mwenye kikohozi hapasuliwi. Nilikohoa vizuri sana. Upasuaji umesogezwa wiki mbili.

Ijumaa, 4 Aprili

Jumatatu walinitoa damu ya kuhakikisha, safari hii mkono wangu mwenyewe, Gladys akiwa kando yangu. Leo Daktari Anyiko alileta karatasi mbili, akauliza ile ya kwanza ni ya nani. Nikasema yote. Akanieleza polepole, kama mtoto wa nasari, kwamba alama hizo zimesambaa kwa watu wote. Kabila hubadilisha kidogo tu. Majirani wawili wa Gesima wanaweza kutofautiana zaidi kuliko Mkisii na Mjaluo wa ziwani. Kisha akasema damu yangu hailingani na ya Machogu hata kidogo. Hutokea kwa ndugu. Ningeenda mwenyewe tangu mwanzo, ningerudishwa nyumbani na heshima zangu! Gladys alitoka nje.

Jumatatu, 7 Aprili

Gladys amemwendea Ogweno sokoni. Ogweno akaja kunitupia neno ambalo siliandiki. Lakini figo atatoa, kwa kuwa Machogu humwamkia kwa Kijaluo kibovu kila siku ya soko. Fomu zinaanza upya, kwa jina lake. Kamati ya hospitali ya kuidhinisha itakaa tarehe ishirini na mbili.

Jumanne, 15 Aprili

Machogu amefariki saa nne asubuhi.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumemzika. Mama alininyang'anya jembe mbele ya ukoo mzima, akampa Ogweno. Nilisimama kwenye migomba nikalia kwelikweli, na hakuna aliyeniamini.

Jumatatu, 28 Aprili

Daktari Anyiko amepiga simu. Ugonjwa wa Machogu hurithiwa. Anataka nikapimwe mkojo haraka, hasa kama miguu inavimba. Upuuzi. Mimi ni mzima, viatu tu vinanibana, ngozi ya siku hizi haifai. Ila Mama hanyamazi. Basi jirani yangu Obwocha, mwenye afya ya fahali, amenijazia kichupa cha mkojo wake. Kesho naupeleka.