Ndinda, Tundu la Grafini na Birika la Saa Nne

Zimeni redio, enyi wana wa Thika, Ruiru na Theta! Nanyi mlio kwenye foleni ya maji, tueni mitungi mnisikilize, kwa maana nasimulia vita vikuu vya Ndinda binti Mwau, simba jike wa mtaa wa Landless, aliyeapa kutoboa tundu ambalo jicho tupu la binadamu halitaliona kamwe. Usinicheke, wewe wa nyuma!

Alibakiwa na kipande kimoja cha grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, na mtambo mmoja mkongwe wa kurusha mwale wa ayoni katika maabara ya Ruiru. Vipande vitatu vilikwisha kuangamia, na muuaji alijulikana: birika la stima. Kila siku saa nne asubuhi lilipowashwa, stima ya jengo zima ilitikisika, mwale ukapotea njia, utando ukararuka. Hiki nacho kikiraruka, shahada ya Ndinda, jasho la miaka mitatu, kwisha.

Mwenye birika alikuwa Daktari Kagwe, mkuu wa maabara, mlinzi wa chai, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuichelewesha hata dakika. Zikiwa zimesalia dakika mbili kufika saa nne, na mtambo umeshapata moto, hauwezi kungoja, Ndinda akamzuia mlangoni.

"Ewe Daktari, bwana wa majani na maziwa! Nakusihi, dakika kumi tu!"

"Kumi? Ngai! Wajua unaloniomba, msichana? Serikali zimekuja zikaenda, chai hii haijasogea!"

"Basi washa. Lakini mama yangu utampigia wewe, umwambie nimefeli."

Kagwe akatazama saa, akatazama birika. Kisha, enyi watu, akang'oa plagi kwa mkono wake mwenyewe! Wahadhiri wakaja na vikombe, naye akalikumbatia birika, akawazuia wote kwa kifua.

Ndinda akaufyatua mwale. Dakika ya kwanza, ya tano, ya tisa. Akachungulia skrini ya hadubini: nukta moja nyeusi, tundu la kupitisha maji na kuizuia chumvi. Akalia waziwazi, bila haya.

Kagwe akainama, akapangusa miwani. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Daktari. Na ni langu."

Basi iandikwe, vizazi visome: siku hiyo Ruiru, yenye mashimo kila barabara, ilipata shimo lake la kwanza lililochimbwa kwa makusudi.