Fomu Tatu na Kivuli cha Mgrevilea

Jumatatu, 7 Machi 1983

Mwalimu Mkuu Raphaeli kanipa fomu za uchaguzi wa Kamati ya Shule. Nakala tatu, kaboni moja iliyochakaa. Kasema nina mwandiko mzuri, niwe katibu wa uchaguzi. Hakuuliza kama nagombea uenyekiti. Nami sikumkumbusha.

Mpinzani ni shemeji Josephati, kaka yake mke wangu Marsela. Mwenyekiti miaka sita. Miaka sita ananiita mbele za watu: "Shemeji Bartolomeo, hebu tuletee meza." Basi! Safari hii meza ataibeba yeye.

Jumatano, 9 Machi

Nimejaza matokeo mapema, kuokoa muda. Mimi kura 70. Josephati 4. (Nilitaka kumpa 2, nikamwonea huruma.) Chini wameandika kwamba fomu yenye kufutwa haitapokelewa wilayani Mbulu. Vizuri! Sina nia ya kufuta.

Kura ni kupanga mstari nyuma ya mgombea. Saa nne asubuhi nimepima kivuli cha mgrevilea uwanjani. Kinaangukia magharibi. Nimechomeka kijiti cha mahali nitakaposimama hapohapo. Cha Josephati nimekipeleka mashariki, juani. Nani atakubali kubabuka kwa ajili ya Josephati?

Ijumaa, 11 Machi

Mkutano wa saa nne umeanza saa nane! Mratibu Elimu alikwama na pikipiki yake njia ya Baray. Kivuli hakikumsubiri. Kilihamia kwa Josephati, na watu wakakifuata.

Nyuma yangu walisimama wanne. Wanne! Kura zilezile nilizomgawia yeye. Mmoja wao, mzee Tluway, akauliza foleni hii ni ya sukari au ya sabuni. Nikamwambia avumilie.

Marsela alikuwa kivulini, kwa kaka yake. Nikamkonyeza. Akanijibu kwa sauti ya kanisani: "Baba Lusia, hapo pana jua, mwenzangu!"

Kisha Mwalimu akaomba fomu. Akazisoma. Akazisoma tena, kwa sauti. Josephati alicheka hadi akafuta machozi. Mwalimu hakucheka. Kasema fomu nyingine ziko Mbulu, na mtu wa kuzifuata anamjua.

Jumanne, 15 Machi

Nimerudi juu ya lori la maharage. Vumbi hadi kwenye kope. Nimejaza upya: Josephati 81, Bartolomeo 4. Mwandiko mzuri kweli, inauma.

Jioni Josephati kapita. Kanipa pole ya safari. Kasema aliyeshindwa anabaki mjumbe, kwa hiyo kikao cha Ijumaa nisikose. Alipofika njiani akageuka: meza nisisahau.

Sawa. Ila nimegundua jambo. Makamu Mwenyekiti anachaguliwa Ijumaa hiyo, na nafasi yake kwenye fomu iko tupu. Fomu ziko kwangu. Tena kikao ni ndani ya darasa, hakuna jua wala kivuli. Kitaharibika nini?

Nimeshaandika jina langu. Kwa wino. Nakala zote tatu.