Jina Langu Juu ya Jiwe

Jumatatu, 7 Aprili

Habari kubwa! Chama chetu cha madereva wa miambani kinachapisha ramani mpya ya njia zote za jangwani hapa mjini Moab. Kwenye njia ya Kisigino pana ngazi moja ya mwamba mwekundu, kimo cha kiuno, isiyo na jina. Litaamuliwa Jumamosi, papo hapo mwambani.

Nina miaka sabini na mmoja. Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minne. Hakuna hata kokoto liitwalo Ockley. Jirani yangu Verl Pectol ana kona mbili na shimo. Shimo la Pectol limo ramanini tangu mwaka 1988! Mtu ambaye hajawahi kuweka nukta mwisho wa sentensi.

Ngazi hii ni yangu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kujaribu peke yangu. Nimepunguza upepo mpaka matairi yakalegea vizuri. Nimeingiza gia ya chini kabisa. Gari langu la mwaka 1979 limepanda nusu, likakohoa, likazima, likarudi kinyumenyume hadi kwenye kichaka cha miba.

Hakuna aliyeniona. Isipokuwa Verl, ambaye hutembea na darubini shingoni. Alisimamisha gari akaniuliza, "Ndugu Ockley, unatafuta nini humo kichakani, mayai ya Pasaka wanayofichiwa watoto?" Nilimjibu kwamba nakagua udongo. Akauliza kama udongo uko salama. Akaenda zake akicheka.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku nzima nimewaza. Verl hupenda kutangulia. Akishindwa mbele ya wanachama wote, mimi nikapita nyuma yake taratibu, nani atapewa jina?

Nimechukua sabuni ya vyombo ya mke wangu, LaRue. Lita nne, harufu ya limau. Aliniuliza sabuni iko wapi. Nikasema imekwisha. Akauliza lita nne zinakwishaje kati ya staftahi na chakula cha mchana. Nikasema nilinawa mikono vizuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya aibu. Naandika kwa utaratibu.

Alfajiri nilimwaga sabuni yote juu ya ngazi, nikaongeza ndoo ya maji. Saa tatu yakafika magari kumi na moja. LaRue alikuja na viazi vya msiba, vile vya jibini vinavyopikwa kwenye mazishi, katika bakuli la udongo aliloachiwa na bibi yake. Bakuli hilo hata mimi siruhusiwi kuligusa.

Verl akatangulia. Matairi yakazunguka papo hapo. Povu likapanda hadi madirishani. Pakalia kishindo: ekseli imekatika! Gari likateleza chini polepole, likalala ubavu. Verl alitoka mzima, mweupe kwa povu kama keki.

Nilifurahi kwa dakika nzima.

Kisha mwenyekiti wetu, Dada Nedra Yardley, akatoa kalamu na kutangaza, "Haya! Ngazi ya Pectol!" Makofi. Nikauliza kwa nini. Akanitazama kama ninavyowatazama wasiojua kitenzi. "Ndugu Ockley, umeishi hapa miaka arobaini na bado hujui? Jiwe hupewa jina la aliyeharibikiwa hapo. Aliyepita salama ana hadithi gani?"

Ndipo nikaelewa. Shimo la Pectol ni pale alipozama. Zile kona mbili, alipinduka.

Hakuna aliyewahi kuniambia!

Nikapaza sauti kwamba kalamu isubiri. Nikapanda garini. Sikupunguza upepo. Niliingiza gia isiyofaa, nikakata usukani upande, nikakanyaga mafuta. Gari hili huzimika hata likiwa kwenye kituo cha mafuta. Likapanda kama mbuzi! Matairi ya Verl yalikuwa yamefuta sabuni yote katikati ya njia. Nikashuka, nikajaribu kinyumenyume. Likapanda. Mara ya tatu nilifumba macho. Likapanda!

Wanachama wakashangilia. Verl, povu masikioni, akaniita, "Mzee, leo umeamkia wapi? Unaendesha kama malaika!" Nikamwambia anyamaze.

Basi LaRue akamwonea Verl huruma. Akabeba bakuli kumpelekea viazi. Akapita pembeni, ambako sabuni ilikuwa bado ipo. Akateleza, akakaa kitako. Dada Nedra alikwenda kumwinua, naye akakaa. Verl alikwenda kuwainua wote wawili, akakaa juu ya viazi. Hakuna aliyeumia. Bakuli lilikuwa vipande sita.

LaRue akanusa kiganja chake. Akasema, "Limau." Akanitazama, akaniita, "Thayne." Basi.

Verl ndiye aliyesema jina lake lifutwe, liwekwe la mwenye bakuli. "Ekseli nitapata nyingine. Bakuli kama lile Dada LaRue atalipata wapi?" Mikono yote ikanyooshwa. Wangu sikuunyoosha, lakini hakuna aliyeuhesabu.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani mimi na LaRue tulikaa benchi moja, katikati nafasi ya watu watatu. Kila mtu alimpongeza LaRue. Verl aliniuliza, bila kucheka, ni sabuni gani siku hizi hunukia limau. Nilisema mimi ni mtu wa sarufi.

Chakula cha jioni: jeli tamu ya kijani yenye karoti. Ya jana. Bila kijiko.

Jumatatu, 14 Aprili

Ramani ya majaribio imefika. Nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia. Imeandikwa wazi, herufi kubwa mahali pake: Ngazi ya LaRue Ockley.

Ockley!

Nimeshinda. Nilimwonyesha LaRue mara nne. Ndipo akaongea nami kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alisema kwa kuwa nina furaha hivyo, nitaosha vyombo mpaka Krismasi, na kwamba nyumbani hamna sabuni.

Nimekwenda dukani mara moja, bila ubishi. Nimenunua lita nane. Nne ni za vyombo. Kwenye njia ya Tandiko pana mteremko ambao bado hauna jina, na safari hii natangulia mimi.

Nimechagua isiyo na harufu.