Keria Yangu na Gramu za Mume Wangu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Waendesha Baiskeli za Mashindano.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUMFUTA MUME WANGU KWENYE MASHINDANO YA JUMAPILI

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na magurudumu yako. Mimi si mgeni kwako. Ni yule muuguzi wa kliniki ya watoto aliyekufunga bendeji ya goti mwaka jana, ulipoanguka ukishangilia ushindi mita kumi kabla ya kuupata. Mume wangu ni fundi wa vigae, na ninyi huko chamani mmempa jina la Unyoya. Mtu mwenye kilo tisini na nne ukimwita Unyoya, ama atacheka, ama ataamini. Wangu aliamini.

Tangu siku hiyo anapunguza uzito. Si wake, wa baiskeli. Anafungua kifaa cha chuma anafunga cha aluminiamu; cha aluminiamu akishakizoea, anakiona gogo, anaanza kutafuta cha kaboni. Neno hilo "kaboni" siku hizi analitamka kwa sauti ambayo zamani alikuwa akiniitia mimi. Na huyu, Ndugu Mwenyekiti, ndiye anayepandisha mfuko wa saruji wa kilo hamsini hadi ghorofa ya tatu bila kuguna. Lakini kengele ya gramu arobaini ilimnyima raha wiki nzima, mpaka akaing'oa. Sasa akitaka watu wampishe anapiga mluzi.

Maji yamenifika shingoni. Naomba niyaweke malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kiti. Kile cha zamani kilikuwa na sponji, na mtu aliweza kukikalia akabaki na utu wake. Cha sasa ni chembamba kama mwiko na kina tundu katikati, eti tundu halina uzito. Mwenye kiti sasa anatembea kama mwenye jipu na anakula akiwa amesimama. Wageni wakija wanadhani tumegombana.

2. Kochi. Tulikuwa na kochi la watu watatu. Jumamosi moja nilitoka kazini nikakuta limegeuka magurudumu mawili. Amebadilishana na seremala wa mtaa wa pili, ambaye naye alikuwa mwanachama wenu akapata akili. Magurudumu yamening'inizwa sebuleni yasiguse sakafu, na sisi tunakalia boksi yalimokuja. Mama mkwe alipotutembelea aliliangalia lile boksi, akaniangalia mimi, akauliza kama huku kwetu kumewahi kufika mafuriko.

3. Mizani ya kliniki. Hili ni zito, naomba ukae chini, kama kiti chako kinaruhusu. Mizani ya nyumbani haikumtosha kwa sababu haionyeshi gramu. Basi Jumatano alikuja kliniki kwetu, akapanga foleni na akina mama, amekumbatia taulo. Ndani ya taulo mlikuwa na usukani, kiti, bomba la kiti, pedeli na vyuma vinavyozishika, vyote vya zamani. Msaidizi wangu hupima watoto mia kwa siku. Haangalii sura, anaangalia mshale. Akapachika taulo kwenye mfuko wa mizani, akasoma kilo tatu na gramu hamsini, akampongeza baba na kumwandikia kadi.

Jumatano iliyofuata baba akarudi na taulo lilelile, safari hii lina vifaa vipya. Kilo moja na gramu mia tisa. Msaidizi aliona mstari wa kadi umeporomoka akashika kichwa. Baba, kwa upande wake, akaruka juu kwa furaha na kumshukuru Mungu mbele ya foleni nzima. Akina mama waliomwona mpaka leo wakipita mlangoni kwangu wananipa pole. Siku mbili baadaye mhudumu wa afya alifika nyumbani kumtafuta mtoto aliyekonda. Hatuna mtoto mchanga. Alichokuta ni nyumba isiyo na kochi, mke aliyekalia boksi, na mwanamume mnene anayekula wima. Aliandika kurasa mbili. Mimi ndiye ninayepaswa kuzisoma na kuzijibu, kwa kuwa ndimi mkuu wa kitengo.

Ndugu Mwenyekiti, kazi yangu ni gramu. Nimemwona mama akilia kwa furaha kwa sababu mtoto wake ameongeza gramu mia. Halafu narudi nyumbani nakuta mtu mzima anashangilia kupoteza gramu mia za chuma.

4. Mwili wake. Amenyoa masharubu. Amenyoa miguu kwa wembe wangu. Amevua pete ya ndoa, eti ni gramu sita, na ameiweka salama kwenye kikopo cha nati. Kitambi hakijaguswa. Nilipomkumbusha kwa upole kwamba nacho kinasafiri kwenye baiskeli hiyohiyo, alinijibu kwamba hicho si kifaa. Nyani haoni kundule.

5. Keria. Hapa ndipo penyewe. Kwa miaka tisa nimekwenda kazini nimekaa kwenye keria ya baiskeli ile, mkono mmoja kiunoni kwake, mkoba magotini. Njia ni dakika ishirini na tano, nusu yake ni mlima. Humo ndimo tulimopangia mambo yetu. Nyumbani mume wangu si msemaji, lakini nikiwa mgongoni kwake, asiponiona uso, alikuwa anasema kila kitu: mteja aliyemtukana, kaka yake wanayenuniana, na hofu yake kwamba magoti yatamwisha kabla ya vigae kwisha.

Mwezi uliopita aliifungua. Alinieleza kwa sauti laini, kama daktari, kwamba keria ni gramu mia saba, na ukijumlisha na inachokibeba hesabu inakuwa mbaya sana. Inachokibeba ni mimi. Niliumia, na sioni haya kuliandika. Sasa napanda ule mlima kwa miguu, naye ananipita njiani na kunisalimu kwa kidole kimoja, kwa sababu mkono mzima unashika upepo.

Kwa hayo yote, ninaomba yafuatayo.

Kwanza, mshindani na baiskeli yake wapimwe pamoja. Mizani ninayo, na msaidizi wangu atafurahi kuona hatimaye kiumbe kilichonenepa.

Pili, kanuni ibadilishwe: kila mshindani ampandishe mlimani mwenzi wake wa ndoa akiwa amekaa kwenye keria. Wenye wake wepesi waongezewe vigae, mume wangu atavitoa. Wasiooa wabebe mama zao.

Tatu, iwapo hayo yatashindikana kabla ya Jumapili, mfuteni mume wangu kwenye orodha na kwenye chama. Nasema hivi nikiwa na akili timamu. Mtu aliyemtoa mkewe kwenye baiskeli kwa ajili ya gramu hastahili kushindana na watu.

Msalimie katibu wako, msalimie mpuliza filimbi, msalimie fundi wa chama aliyemwonyesha mume wangu kaboni kwa mara ya kwanza, na umwambie bado namtafuta. Wanachama wote wawasalimie wake zao, popote walipowashushia.

Wako katika kupanda mlima kwa miguu,

Mke wa Unyoya.

N.B. Nilikuwa nimeshatia sahihi alipoingia na spana mkononi na keria kwapani. Amesema mashindano yaende zake, kesho nipande kama zamani, amechoka kuusikiliza mlima peke yake. Nilifurahi. Kisha nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, Jumapili anashindana na nani. Kumbe ni kinyozi, mhazini wenu, yule ambaye mkewe mwaka jana alinipa "pole, shoga" pale mwisho wa mbio, mbele za watu, huku akichezesha ufunguo wa kufuli la baiskeli yao kidoleni. Walitushinda kwa upana wa gurudumu moja.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, usimfute mtu. Keria nimemnyang'anya na kuitundika mwenyewe nyuma ya mlango. Mpaka mashindano yaishe nitatembea. Chakula chake cha leo nimekikata nusu. Analalamika. Nimemwambia aandike barua.