Shabaha Isiyo na Tundu

Kettle Run, Pennsylvania

Kwa Bwana Merle Hostetler,
Mwenyekiti wa Klabu ya Shabaha

Ndugu Mwenyekiti,

Niwie radhi kwa ukimya wangu. Sijakuandikia tangu msimu wa kuwinda kulungu mwaka juzi, nilipolalamikia kahawa ya klabu, ambayo haijabadilika.

Nimearifiwa kwamba Jumanne kamati itaamua iwapo niondolewe kwenye mstari wa kulenga, na bastola aliyoinunua marehemu baba yangu mwaka 1938 itundikwe ukutani, juu ya birika la kahawa hiyo hiyo. Sababu mnayoitaja ni macho yangu. Napinga kwa hoja hizi:

1. Jumamosi, kwenye mashindano, nikiwa nimesimama nafasi ya tano ya mstari, nilipiga risasi kumi. Karatasi yangu ya shabaha ilirudi haina tundu hata moja. Asiyeona vizuri hupata pembeni, hapa na pale. Kuikosa karatasi nzima mara kumi mfululizo kunahitaji mkono thabiti na jicho kali.

2. Bastola haina kosa. Risasi zake nyembamba, zile za kipimo cha ishirini na mbili, mimi huzipangusa moja moja kwa kitambaa cha flaneli. Wiki iliyotangulia bastola hiyo iliangusha makopo sita ya maharagwe shambani kwangu. Kwa hiyo kosa ni la karatasi zenu.

3. Bibi Verna Dietz, aliyesimama jirani yangu, nafasi ya sita, alipaza sauti mbele ya watu wote: "Orville, mzee wangu, hiyo bastola inatoa mlio tu! Risasi zimebaki nyumbani zinakunywa kahawa!" Hata wewe ulicheka, Ndugu Mwenyekiti. Nilikuona vizuri kabisa.

4. Huyo huyo Verna alipewa risasi kumi, na karatasi yake ikakutwa na matundu ishirini. Badala ya kuuliza, mlihesabu kumi yaliyo bora mkamtunuku paja zima la nguruwe. Naomba mifuko yake ipekuliwe.

Msalimie mkeo Arlene, wazee wote wa benchi la nyuma, na Verna pia, baada ya kupekuliwa.

Wako katika kanuni,
Orville Kunkle,
mwalimu mstaafu wa sarufi

N.B. Mke wangu Lorna ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Ameuliza jambo moja tu: "Wewe mume wangu, hapo nafasi ya tano, ulikuwa unalenga karatasi ya nani?"

Hoja ya kwanza, ya tatu na ya nne nazifuta. Ya pili naibakiza yote, isipokuwa habari ya karatasi: bastola haina kosa, msiitundike. Lorna ameniwekea miadi kwa daktari wa macho siku ya Alhamisi, basi nawasihi uamuzi wenu uningoje hadi Ijumaa. Mimi mwenyewe sijaamua kama nitakwenda. Nikishaamua nitakuandikia, kwa herufi kubwa kuliko hizi.